Nani aligundua telekomande? Historia ya namna tele ilivyofundishwa kushika kanali



Tangu tulipopitisha kipindi juu ya mafundi wanaotengeneza radio na tele za zamani katika maeneo ya wakimbizi wa ndani, swali linalorudi mara nyingi ni hili: nani aligundua telekomande? Mama mmoja aliuliza kwa namna yake: hiyo mashini inajuaje kwamba mimi nataka kanali hii na si ile? Swali la mama limelizidi lile la kwanza, kwa hiyo nitaanza nalo. Kabla ya kubadili kanali ukiwa umeketi, ilibidi kwanza tele yenyewe ijue kuchagua.

Mahali ulipo sasa hivi, vituo vyote vya radio na tele vinavyofika eneo lako vinapita juu ya kichwa chako kwa wakati mmoja. Antena haichagui. Inakusanya kila kitu, kama wavu unaoleta sambaza, majani na mchanga kwa pamoja. Kuchagua ni kazi ya saketi iliyo ndani. Radio za kwanza zilichagua kwa koili na kondensa, na kila hatua ya kukuza mawimbi ilikuwa na kifungo chake. Mtu alizungusha vifungo viwili au vitatu, kimoja baada ya kingine, mpaka vyote vikubaliane juu ya kituo kimoja. Akitaka kituo kingine, anaanza upya.

Dawa ilipatikana Ufaransa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na ilipatikana mara mbili. Lucien Lévy, Mfaransa aliyefanya kazi katika huduma ya radio ya jeshi, aliandikisha uvumbuzi wake mwezi wa 8 mwaka 1917. Edwin Armstrong, ofisa wa jeshi la Marekani aliyetumwa Paris, alifikia wazo hilo hilo mwaka 1918. Baadaye kukawa na mvutano mbele ya ofisi ya hati za uvumbuzi ya Marekani, na sehemu kubwa ya madai ya Armstrong ikaenda upande wa Lévy, ambaye haki zake zilikuwa zimekwisha nunuliwa na kampuni ya simu AT&T. Hata hivyo vitabu vingi bado vinamtaja Armstrong peke yake. Shikeni jambo hilo, maana mambo ya aina hiyo yatarudi tena katika habari hii.

Wazo lenyewe ni rahisi kulieleza. Fikirieni hakimu asiyejua lugha nyingine ila Kiswahili. Mashahidi wanakuja, huyu anasema Kinande, yule Kihunde, mwingine Mashi, mwingine Kilega. Hutaweka hakimu kwa kila lugha. Utaweka mkalimani mlangoni, na hakimu atasikia lugha moja siku zote. Ndani ya radio, mkalimani ni saketi ndogo inayozalisha mawimbi yake yenyewe. Mawimbi hayo yanachanganywa na yale ya kituo, na tofauti kati yake ndiyo inayopelekwa ndani. Katika radio ya FM ya kawaida tofauti hiyo ni megahezi 10.7. Ukitafuta kituo cha 92.0, mkalimani anakwenda 102.7. Ukihamia 95.0, anakwenda 105.7. Sehemu zote zinazofuata zinajua 10.7 tu, na kwa sababu zimetengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo moja, zinaifanya vizuri sana.

Mwenye radio mbili za zamani, zile za mshale, anaweza kuhakikisha mwenyewe. Weka moja kwenye kituo kilicho karibu na 102.7 ambacho hakina nguvu sana. Leta ya pili karibu yake kabisa, uizungushe polepole kupita 92.0. Mahali fulani ile ya kwanza itanyamaza ghafla. Mkalimani wa radio ya pili amevuja nje na kumziba mdomo jirani yake. Watoto wanapenda sana mchezo huu, ila msiufanye saa ya habari.

Tele ilirithi mashini hiyo hiyo, lakini kwa mzigo mkubwa zaidi. Kituo cha FM kinatosheka na kilohezi 200 hivi. Kanali moja ya tele ya analojia inachukua megahezi 7 au 8, kwa kuwa ndani yake kuna picha na sauti, pamoja na alama zinazoambia skrini wapi mstari unaanza. Mkalimani akiteleza kidogo tu, picha inaingia mistari au sauti inapotea. Ndiyo maana mafundi wa Marekani, tele ilipoenea huko baada ya Vita vya Pili, waliacha kondensa ya kuzungusha taratibu wakatengeneza pipa. Pipa hilo lilikuwa na vibao vingi kuzunguka ubavu wake, kila kibao na koili za kanali moja, na ukizungusha kifungo, kibao kinachofuata kinagusana na vidole vya shaba. Wazee wanaijua sauti yake: klak, klak, klak. Wanajua pia magonjwa yake. Vidole vikishika uchafu, picha inakuja na kwenda, na mtu anakunja karatasi au anachomeka kijiti cha kiberiti nyuma ya kifungo ili kisirudi. Kifungo chenyewe kikivunjika, familia inabadili kanali kwa koleo, na koleo hilo linakaa juu ya tele miaka mingi kama sehemu ya tele.

Kulikuwa na shida nyingine ambayo hatuikumbuki tena kwa sababu ilitatuliwa mapema. Kituo cha karibu kina nguvu mara maelfu kuliko cha mbali. Bila usimamizi, ukihama kutoka kimoja kwenda kingine, sauti inakupasua masikio au inakufa. Harold Wheeler, mhandisi wa kampuni Hazeltine huko Marekani, alipata mwaka 1925 njia ya kufanya radio ijipime yenyewe: mawimbi yakija na nguvu, yenyewe yanazalisha umeme unaopunguza ukuzaji. Katika tele saketi ya namna hiyo ndiyo inayojitahidi kushikilia picha isififie ndege inapopita juu ya nyumba. Kwa maoni yangu huyo Wheeler anastahili barabara yenye jina lake, lakini ni nani anayemjua?

Sasa telekomande.

Kampuni inayohusika ni Zenith ya mji wa Chicago, na kiongozi wake aliitwa Eugene McDonald. Bwana huyo aliyachukia matangazo ya biashara. Aliamini kwamba watazamaji hawatayavumilia, na akawaagiza wahandisi wake watafute njia ya kuyanyamazisha kutoka kwenye kiti. Mwaka 1950 wakatoa kifaa walichokiita Lazy Bones, yaani mvivu. Kilikuwa na vifungo vya mkononi na waya mrefu uliokwenda mpaka kwenye tele, ambako mota ndogo ilizungusha lile pipa la koili. Kilifanya kazi. Lakini waya ulipita katikati ya sebule na watu wakajikwaa.

Aliyeondoa waya ni Eugene Polley. Alizaliwa Chicago mwaka 1915. Aliacha masomo ya juu kwa kukosa pesa, akaingia Zenith mwaka 1935 kama kijana wa stoo, kwa mshahara wa senti 40 za dola kwa saa. Kutoka stoo alipanda, akajifunza kazini, akawa mhandisi bila kuwa na shahada ya uhandisi. Mwaka 1955 kampuni ikauza telekomande yake, Flash-Matic. Ilikuwa tochi yenye umbo la bastola. Kwenye pembe nne za skrini kulikuwa na macho manne yanayohisi mwanga. Ukimulika pembe moja picha inazima au kuwaka, nyingine inanyamazisha sauti, na mbili zilizobaki zinazungusha kanali kwenda mbele au kurudi nyuma. Hakuna waya, hakuna kusimama.

Shida ilikuwa jua. Jua la jioni likiingia dirishani na kupiga pembe ya skrini, tele ilifanya inavyotaka. Tena watu walisahau pembe ipi ni ya kazi gani.

McDonald akataka kitu kingine, na hapa anaingia mtu ambaye nadhani wengi wenu mtapenda kumjua. Robert Adler alizaliwa Vienna, Austria, tarehe 4/12/1913, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake, Max Adler, alikuwa mwanafikra mashuhuri wa elimu ya jamii. Robert alimaliza udaktari wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Vienna mwaka 1937. Mwaka uliofuata jeshi la Hitler likaingia Austria. Kwa Myahudi, cheti hakikuwa kinga. Akatoka, akapita Ubelgiji, akapita Uingereza, akafika Marekani, na mwaka 1941 akaajiriwa na Zenith. Mimi ninapohesabu miaka hiyo naona mitatu kati ya kufukuzwa na kupata kazi. Nchi zilizompokea hazikumwomba uvumbuzi wowote mlangoni.

Alianza na kazi za vita, saketi za radio za ndege. Vita vilipokwisha akarudi kwenye tele, na kazi yake ya kwanza kubwa huko watu wa kawaida hawaitaji kamwe. Alibuni lampe, ile chupa ya kioo iliyofanya kazi ya transistori kabla ya transistori, ya namna mpya: lampe moja iliyoweza kutoa sauti safi kutoka kwenye mawimbi ya tele mahali ambapo wengine walitumia kadhaa. Gharama ya sehemu ya sauti ikashuka sana. Alitengeneza pia saketi iliyosaidia picha isiyumbe katika maeneo ya mbali na kituo, ambako kelele ni nyingi na mawimbi ni hafifu. Sisi tunaoishi nyuma ya milima tunaelewa maana yake.

Kwa telekomande, mafundi wa Zenith walifikiria kwanza mawimbi ya radio. Wakayakataa kwa sababu yanapenya kuta: ungebadili kanali yako na ya jirani pia. Wakafikiria sauti ya kawaida. Lakini nani anataka kusikia filimbi kila saa, na je, mtu katika filamu akipiga filimbi hiyo hiyo? Wauzaji nao wakaongeza sharti lao. Hawakutaka mawe ndani ya telekomande. Waliogopa kwamba mawe yakiisha mteja atadhani tele imekufa, naye atairudisha dukani.

Adler akapendekeza sauti ambayo sikio la mtu halifiki. Sikio zuri la kijana linaishia kilohezi 20 hivi. Yeye akatumia karibu 40. Na jinsi alivyoizalisha bila mawe ni jambo ambalo mpigaji wa likembe atalielewa kuliko mwanafunzi wa chuo. Kwenye likembe, ulimi mrefu wa chuma unatoa sauti nene na mfupi unatoa sauti nyembamba. Adler aliweka ndani ya kisanduku vijiti vinne vya aluminiamu, kila kimoja na urefu wa sentimita 6 na nusu hivi, vikitofautiana kidogo sana. Ukibonyeza kifungo, kinyundo chenye springi kinagonga mwisho wa kijiti, kisha kinaachia. Kijiti kinalia, hakuna anayesikia ila tele, na labda mbwa. Urefu tofauti, noti tofauti, amri tofauti: kanali mbele, kanali nyuma, sauti, kuzima.

Upande wa tele kazi ilikuwa nzito zaidi. Ilibidi kuwe na maikrofoni, ukuzaji, na saketi za kutofautisha noti nne zinazokaribiana, bila kudanganywa na kelele za nyumbani. Hiyo ilidai lampe sita za ziada, na bei ya tele ikapanda kwa asilimia 30 hivi. Kifaa kikatoka mwaka 1956 kwa jina Space Command. Watu wakanunua pamoja na bei hiyo. Kilidanganywa mara nyingine na funguo zinazogongana au mnyororo wa mbwa, lakini jua halikukisumbua tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 transistori zikaingia, vijiti vikaachwa, telekomande ikaanza kutumia mawe, na hofu ya wauzaji ikasahauliwa. Telekomande za sauti hiyo isiyosikika ziliendelea kwa karibu miaka 25, na Zenith pekee iliuza tele zaidi ya milioni 9 zilizokuwa nazo. Kisha mwanga usioonekana, ule wa telekomande za leo, ukachukua nafasi yake mwanzoni mwa miaka ya 1980. Yaani wakarudi kwenye mwanga, wazo la Polley, ila kwa mwanga ambao jua haliuigizi kirahisi kwa sababu unawakazimika kwa mpangilio.

Lakini hata na telekomande nzuri namna gani, ndani bado kulikuwa na mota inayozungusha pipa. Kilichomaliza mota ni diode ndogo kuliko punje ya mchele. Ukiipa diode umeme kwa upande wa kinyume, haipitishi kitu, ila inafanya kazi kama kondensa. Ukiongeza umeme huo, chaji za pande mbili zinasogea mbali, na kondensa inapungua. Kwa hiyo badala ya kuzungusha chuma, unabadili voltaji, kuanzia karibu sifuri mpaka 30 hivi, na mkalimani anahama kutoka kanali ya chini mpaka ya juu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 tele zikaanza kuacha pipa. Ndizo zile zenye mlango mdogo mbele, na ndani yake safu ya magurudumu madogo ya kuzungusha kwa bisibisi, gurudumu moja kwa kila kituo.

Fundi anayenisoma anajua udhaifu wake. Voltaji ikitetereka, kituo kinahama. Ndani ya tele nyingi za aina hiyo kuna kifaa kidogo cha miguu miwili, TAA550 au ndugu zake, kazi yake ni kushikilia volti 33 bila kuyumba. Kikizeeka, tele inaanza vizuri asubuhi, inapata joto, na baada ya nusu saa picha inakimbia. Mwenye tele anazungusha gurudumu, inakimbia tena. Kabla ya kulaumu antena au kubadili sehemu yote ya kanali, pima volti hizo 33. Sehemu hiyo ni ndogo, na unaweza kuitoa kwenye tele nyingine iliyokufa.

Baadaye ikaja saketi inayohesabu mawimbi ya mkalimani, inayalinganisha na kipande cha kwazi kisichobadilika, na kumrudisha kila anapoteleza. Ndipo magurudumu yakaisha, na tele ikaanza kutafuta vituo peke yake na kuvitunza katika kumbukumbu hata umeme ukikatika.

Kwetu Kongo kulikuwa na tatizo la ziada ambalo Chicago hawakulijua. Wakati wa Zaïre nchi ilifuata mtindo wa rangi wa Wafaransa, SECAM, uliotokana na kazi ya Henri de France. Majirani wa mashariki, Uganda, Kenya na Tanzania, walifuata PAL, wa Mjerumani Walter Bruch. Mtu alinunua tele Kampala, au iliyotoka Dubai, akaipandisha kwenye lori, akafika nyumbani, akashika kituo cha taifa. Picha ikatokea bila rangi, na sauti ikawa mvumo tu. Si kwamba aliibiwa. Katika mtindo wetu sauti ilikaa megahezi 6.5 kutoka kwenye picha, na tele ya Kampala iliitafuta kwenye 5.5. Kwa upande wa sauti, fundi aliyejua alibadili kichujio kimoja na koili yake, na mwenye tele akamsikia mtangazaji. Asiyejua alitoza pesa na kurudisha tele vile vile. Hapo tofauti ya kujua na kutojua ilikuwa megahezi moja.

Sasa nirudi kwenye swali la kwanza, la jina. Kwa miaka mingi magazeti ya Marekani yalimwita Adler baba wa telekomande. Yeye alikuwa na hati za uvumbuzi za Marekani karibu 180, alikuwa daktari wa fizikia, na akapanda kuwa mkurugenzi wa utafiti. Polley alikuwa na hati 18, alifanya kazi Zenith miaka 47, na alilalamika waziwazi kwamba sehemu yake imesahauliwa. Nami nadhani alikuwa na haki. Telekomande ya kwanza isiyo na waya ni ya Polley. Ya kwanza iliyofanya kazi bila kusumbuliwa na jua, ikadumu robo karne, ni ya Adler. Mwaka 1997 wote wawili walipewa tuzo ya Emmy kwa kazi hiyo, kijana wa stoo na mkimbizi wa Vienna pamoja.

Adler mwenyewe hakuwa mtu wa kukaa mbele ya tele. Mke wake alieleza kwamba alipenda zaidi kusoma. Ombi lake la mwisho la hati ya uvumbuzi, juu ya skrini za kugusa kama ile unayoitumia kusoma habari hii, lilitangazwa na ofisi ya Marekani tarehe 1/2/2007. Alifariki siku kumi na nne baadaye, akiwa na miaka 93. Polley alifariki mwezi wa 5 mwaka 2012, akiwa na miaka 96.

Mafundi wenye swali juu ya zile volti 33, au juu ya kichujio cha 6.5, tutumieni ujumbe kama kawaida. Wenye tele zilizokufa ambazo mnataka kuzitupa, msizitupe kabla fundi hajatoa vipande vinavyofaa.